Somo la Robo Hii: Deni Linalojumlishwa na Deni Linalozidishwa



Katika toleo hili tunarudi kwenye hesabu ambazo wengi wetu tuliziacha darasani. Shuleni ziliitwa mfuatano, na tulidhani kazi yake inaishia kwenye chumba cha mtihani. Kumbe ndizo zinazoamua kama mama aliyekopa fedha za mbolea atavuna faida au atauza mbuzi ili alipe.

Mfuatano ni orodha ya namba zinazofuata kanuni moja. Katika 3, 7, 11, 15 tunajumlisha 4 kila hatua. Huo ni mfuatano wa aritmetiki. Katika 3, 6, 12, 24 tunazidisha kwa 2 kila hatua. Huo ni mfuatano wa jiometri. Majina mtayasahau, na si neno. Kinachotakiwa ni kutambua mkopo uliowekwa mezani unafuata kanuni ipi.

Tuchukue mkopo wa shilingi 500,000 wa miezi 10, riba asilimia 2 kwa mwezi. Mkopaji anarudisha 50,000 ya mkopo wenyewe kila mwezi, pamoja na riba. Swali ambalo kamati nyingi haziliulizi ni hili: asilimia 2 ya kiasi gani? Kama ni ya mkopo wa mwanzo, riba ni 10,000 kila mwezi hadi mwisho, jumla 100,000. Kama ni ya salio lililobaki, riba inashuka: 10,000, kisha 9,000, kisha 8,000, hadi 1,000 mwezi wa kumi. Jumla yake tunaipata bila kuhangaika na kikokotoo. Unganisha ya kwanza na ya mwisho, 10,000 na 1,000, unapata 11,000. Ya pili na ya pili kutoka mwisho, 9,000 na 2,000, ni 11,000 tena. Ziko jozi tano, hivyo riba yote ni 55,000. Karatasi zote mbili zimeandikwa "asilimia 2 kwa mwezi", lakini moja inamtoa mkopaji shilingi 45,000 zaidi. Kabla ya mtu kutia sahihi au dole gumba, katibu amsomee jumla kwa shilingi, si kwa asilimia peke yake.

Salio la mkopo huo nalo linaweza kuchorwa kwenye karatasi ya miraba. Baada ya kila mwezi, salio ni 500,000 toa 50,000 mara idadi ya miezi. Nukta zote zinakaa kwenye mstari mnyoofu unaoshuka. Mlinganyo wa mstari unahitaji mambo mawili tu: mahali unapoanzia, yaani 500,000, na kiasi unachoshuka kila hatua, yaani 50,000. Mweka hazina akiwa na mchoro huu ukutani, nukta iliyokaa juu ya mstari inaonekana mara moja, na mwenye mkopo anafuatwa mapema, kwa upole, kabla deni halijamlemea.

Sasa twende kwenye kanuni ya kuzidisha, ambako ndiko watu wanakoumia. Mtu amekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na hajalipa chochote. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wa mwanzo tu, deni linakwenda 110,000, 120,000, 130,000, na baada ya miezi 12 ni 220,000. Hilo tayari ni zito. Lakini riba isiyolipwa ikiunganishwa na deni, kila mwezi tunazidisha kwa 1.1: 110,000, 121,000, 133,100, 146,410. Angalieni jinsi tofauti inavyojificha mwanzoni. Mwezi wa pili ni shilingi 1,000 tu, nani ataishtukia? Mwezi wa kumi na mbili deni limefika takriban 313,800, karibu 94,000 zaidi ya lile lingine. Hapa si lazima awepo mtu aliyekusudia kudhulumu. Sentensi moja ya katiba ya kikundi inatosha.

Kwa wafadhili wetu tuna neno fupi. Mchango wa kiasi kile kile kila mwaka haupandi wala haushuki, ila bei hupanda kwa kuzidishwa. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, fedha iliyonunua mifuko 100 ya saruji leo itanunua mifuko kama 61 baada ya miaka kumi. Ahadi ya miaka mingi ipangwe kwa kuzingatia hilo.

Mwisho, upatu. Hatusemi mchezo wa akina mama wa kupeana kwa zamu. Huo ni mzunguko wa fedha zao wenyewe. Tunasema ule wa "leta watu watano, nao walete watano", ambao sheria ya Tanzania inaukataza. Hatua ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Jumlisha hadi hatua ya 11 tu na unapata watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga na wazee wasioweza kutoka kitandani. Hatua ya 12 haina watu. Na katika hao waliokwisha kuingia, 48,828,125 ni wa hatua ya 11, yaani wanne katika kila watano, ambao wametoa fedha na hawana wa kumleta. Anayewaambia waumini kuwa mpango wake "umepangwa vizuri" aulizwe hatua ya 12 atawapata wapi.

Zoezi la kikao kijacho: mwanachama anaweka shilingi 1,000 wiki ya kwanza, 2,000 wiki ya pili, na kuendelea hivyo hadi wiki ya 52. Atakuwa na kiasi gani? Tumieni njia ya jozi; ziko 26. Jibu ni 1,378,000. Kisha jadilianeni kama ataweza kweli kuleta 202,000 katika wiki nne za mwisho, huku ada za Januari zikimsubiri, au ni afadhali aanze na 52,000 baada ya mavuno na kushuka.