MJINI KUNA NINI? Somo la majadiliano kwa kamati za parokia, kutoka Itumba



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo karibu kila familia ya hapa Itumba hulizungumza jioni baada ya chakula: nani aende mjini, nani abaki, na yule aliyekwenda anapata nini huko. Tunaomba kamati ilisome pamoja kwa sauti, na isimame pale penye swali kabla ya kuendelea. Huenda likachukua vikao viwili. Wafadhili nao tunawaomba wasome mpaka mwisho, kwa kuwa lipo jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea katika taarifa zetu kwao.

Mji ni upi?

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu anayeteremka kutoka milima ya Bundali kuja hospitali au ofisi za wilaya husema anakwenda mjini. Lakini mkazi wa Itumba akisema "mjini" ana maana ya Tunduma, na kijana wake akilitamka neno hilo hilo mara nyingi ana maana ya Mbeya au Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza mtu faida na hasara za mjini, mwulizeni kwanza anasema mji gani. Tumewahi kukaa katika kikao kilichobishana saa nzima, kumbe mmoja ana Dar es Salaam kichwani na mwenzake ana Tunduma.

Kwa wengi wetu mji ulio karibu ni Tunduma. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, zote hupita hapo kuingia Zambia. Ng'ambo ya pili ni Nakonde. Malori ya kwenda Zambia na Kongo husimama hapo, na palipo na malori pana mama lishe, wapagazi, wabadili fedha, nyumba za wageni na mafundi. Kwa sensa ya 2012 Tunduma ilikuwa na watu zaidi ya 97,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 219,000. Mji umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, na sehemu ya watu hao ni watoto wetu. Tangu barabara ya Mpemba hadi Isongole iwekwe lami, kwenda Tunduma si safari ya kuagana tena. Mtu huenda asubuhi na kurudi jioni.

Hali hii si ya Songwe peke yake. Katika sensa ya 1967, Watanzania walioishi mijini hawakufika 7 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa karibu 35.

Yale wanayoyasifu

Tukiwasikiliza watu wetu waliokwenda, sifa ya kwanza si taa za umeme wala majumba, kama wazee wengi wanavyodhani. Ni fedha ya kila siku. Mkulima wa kahawa wa Ileje hupata fedha yake kwa msimu. Ada, matibabu, msiba na deni la mbolea vyote husubiri siku hiyo moja, na bei ikiwa mbaya mwaka mzima umeharibika. Anayeuza maandazi mjini huona fedha jioni ile ile. Ni kidogo, lakini mtoto akiugua usiku kuna cha kushika.

Sifa ya pili huelezwa na wanawake zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini. Mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu hupanga chumba mjini na hakuna anayemwuliza yeye ni wa ukoo gani. Aliyesingiziwa uchawi hupumua. Binti aliyeachika huanza upya. Tusiyapite haya haraka, kwa sababu sisi wanakamati tunapenda kusema kijijini kuna upendo na mjini kila mtu na lake. Kwa baadhi ya watu upendo huo ndio uliowafukuza. Kamati isimame hapa na kujiuliza: katika miaka mitano iliyopita, ni wajane wangapi wameondoka katika jumuiya zetu, na waliondoka kwa nini hasa?

Shule, hospitali na soko hutajwa pia. Hata hivyo tofauti imepungua. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa katika shule za serikali mwaka 2016, Itumba ina hospitali ya wilaya, na Isoko ipo hospitali ya Kanisa la Moravian. Siku hizi ni wachache wanaohama kwa ajili ya shule au hospitali peke yake.

Yale wanayoyalalamikia

Mjini kila kitu ni cha kununua. Huo ndio wimbo wa wote, na aliyezoea kuchuma mboga nyuma ya nyumba hauelewi mpaka aonje. Tufanye hesabu. Bei tulizoandika ni za mfano tu. Kamati iweke za kwake, baada ya kumpigia simu kijana mmoja aliyeko mjini.

Tuseme kijana anauza matunda na anabaki na faida ya shilingi 7,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Jumla ni 182,000. Kijijini tukisikia hivyo tunasema amekwisha tajirika. Sasa chumba kimoja ni 40,000. Maji, madumu manne kwa siku kwa shilingi 200 kila moja, ni 24,000 kwa mwezi. Chakula cha 3,000 kwa siku ni 90,000. Mkaa 15,000. Jumla ya matumizi ni 169,000. Amebakiwa na 13,000, na hapo hajavaa, hajaugua, hajachangia harusi wala kununua muda wa maongezi wa kumpigia mama yake. Tena wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ndiyo kusema kabla hajalala usiku wa kwanza anahitaji 240,000. Fedha hiyo ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwenye ng'ombe au kipande cha shamba la baba.

Maji yanastahili neno la ziada. Wakazi wa Tunduma wamelalamikia uhaba wa maji kwa miaka mingi, na mtu wa Ileje, aliyekulia penye vijito, huona ajabu kulipia maji kuliko anavyoona ajabu kulipia chumba. Huko Dar es Salaam kuna maji ya namna nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba waliojenga na kupanga mabondeni kama Jangwani, na mwaka 2012 baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, mbali na katikati ya jiji walikokuwa wakipatia riziki. Wengi walijua bonde hujaa maji. Walikaa pale kwa sababu palikuwa rahisi na karibu na kazi. Maskini wa mjini hukaa pale ambapo mwenye fedha hapataki.

Hatari za mpakani hatuna haja ya kuzirefusha, kila mmoja anazijua. Dereva hukaa foleni siku kadhaa, ana fedha, yuko mbali na kwake, na binti wa miaka 17 anayeuza chai hana mtu wa kumwuliza amechelewa wapi. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilikusudiwa kupunguza kusubiri huko, lakini bado biashara ya mji mzima inategemea watu wanaosubiri. Kijana wa kike akienda Tunduma, awe na nyumba ya kufikia inayojulikana. Hili tunalisema kama agizo wala si ushauri.

Wasichana wa kazi

Hapa tunaomba kamati ikae muda mrefu zaidi. Mara kwa mara hufika mgeni, pengine ni shangazi wa mbali au rafiki wa jirani, akitafuta binti wa kwenda kusaidia kazi za nyumbani mjini. Ahadi ni nzuri: atalelewa kama mtoto wa nyumba, atapelekwa ushonaji, mshahara utatumwa nyumbani kwa simu. Mzazi mwenye watoto sita na debe mbili za mahindi hukubali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Kuamka saa kumi usiku, kubeba mtoto wa wenzake na kulala wa mwisho si kazi nyepesi. Wapo waliotendewa vema, na wapo waliosomeshwa kweli. Wapo pia waliorudi na mimba, na wapo ambao namba ya simu ya tajiri wao haipatikani tena. Tatizo ni kwamba siku ya kuondoka hakuna anayeandika kitu. Kamati zetu huandika vizuri sana michango ya harambee, hadi shilingi 500 ya mtoto, lakini binti akipanda basi daftari halionyeshi hata jina la mtaa anakokwenda. Daftari la aina hiyo halihitaji mfadhili.

Tulilokosea sisi

Kwa miaka mingi tuliwaandikia wafadhili kwamba miradi yetu "itazuia wimbi la vijana kukimbilia mijini". Maneno hayo yalikuwa yakipendwa. Tukaendesha mafunzo ya ushonaji, tukagawa vyerehani, na baada ya muda tukaenda kukagua. Zaidi ya nusu ya vijana walikuwa wamehamia Tunduma na vyerehani vyao. Tukaandika katika taarifa kwamba lengo halikufikiwa.

Baadaye mmoja wetu alipita nyumbani kwa mama wa kijana mmojawapo. Nyumba ilikuwa na bati jipya, na mdogo wake alikuwa shuleni na sare kamili. Fedha ilitoka Tunduma, kwenye kile kile cherehani tulichokihesabu kuwa kimepotea. Tulipomwuliza mama kama hasikitiki kijana kuwa mbali, alisema kwamba anasikitika, ila mvua haimwagikii tena kitandani. Kosa lilikuwa katika lengo tuliloliandika. Kijana yule alifanya kile ambacho mafunzo yalimwezesha kufanya.

Serikali nayo ilijaribu kuwazuia watu. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa Dar es Salaam na kurudishwa vijijini. Wengi walirudi mjini tena muda si mrefu. Kabla ya hapo, mwaka 1972, mabaraza ya miji yalivunjwa ili nguvu zielekezwe vijijini. Huduma za mijini zikazorota, na mwaka 1978 ikabidi yarudishwe. Kama dola yenye polisi haikuweza, kamati ya parokia yenye vyerehani vichache itaweza?

Shamba lisiuzwe

Tulichojifunza kwa uchungu ni kwamba anayeumia zaidi ni yule aliyeuza shamba ili aende. Mwenye shamba nyumbani akishindwa mjini hurudi na kulima. Aliyeuza hubaki mjini hata akinyanyasika, maana hana pa kurudi. Na mara nyingi aliyeuza ni baba, bila kumshirikisha mke, wakati mkononi hamna hata karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya mume na mke pamoja. Hati hiyo huanzia kwa halmashauri ya kijiji. Familia inayofikiria kumpeleka kijana mjini ianze na hati kabla ya nauli, na kama ni lazima kutafuta mtaji, ikodishe kipande kwa msimu kuliko kukiuza. Tunajua wapo watakaosema kukodisha hakuleti fedha ya kutosha. Ni kweli, hakuleti. Kijana ataanza na beseni badala ya kibanda.

Maswali ya kikao cha pili

Kila mwanakamati aje na majina, kwa kumbukumbu zake tu, ya watu watano waliotoka katika jumuiya yake kwenda mjini. Nani alifikia kwa nani? Nani anatuma fedha, na je, hiyo fedha inafanya kazi gani? Nani hajasikika tangu mwaka jana, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumtafuta? Familia gani ina mpango wa kuuza shamba msimu huu? Parokia zilizoko Tunduma, je, mnaweza kutupatia nyumba mbili tatu za watu waaminifu ambako binti anayetoka Ileje atalala wiki ya kwanza?

Majibu yaletwe na katibu katika kikao cha robo ijayo. Wafadhili watapelekewa muhtasari wake usio na majina ya watu, pamoja na lengo jipya la mafunzo ya ushonaji, ambalo halitawahesabu tena waliobaki na walioondoka.