Dakika 8 Kabla ya Kufungua Fremu

Mtaani Gerezani, Dar es Salaam, kazi nyingi huharibikia mikononi mwa watu wanaozijua vizuri. Wakala wa pesa anatajiwa namba, spika ya mnadishaji inaita "buku, buku!", mteja wa pili anauliza kama floti inatosha. Kidole kinabonyeza 7 palipotakiwa 1, na laki mbili zimekwenda kwa mtu asiyemjua. Mikono ilikuwepo, akili ilikuwa kwingine.

Akili inayotangatanga inaweza kurudishwa kwa muda mfupi, tena bure. Mwaka 2012, Michael Mrazek na wenzake huko Marekani waliwapa watu dakika 8 za kufuatilia pumzi zao. Walipopewa kazi ya kuchosha inayohitaji umakini, walipotewa na mawazo kidogo kuliko waliosoma au kupumzika tu. Mwaka 2007, Yi-Yuan Tang na Michael Posner walieleza jinsi wanafunzi wa China waliojizoeza kutafakari dakika 20 kwa siku, kwa siku 5, walivyoshinda wenzao katika kipimo cha umakini.

Fanya hivi

1. Kaa wima kwenye kiti, ndoo au kreti, kabla hujafungua fremu. Zima milio ya simu, tega kengele ya dakika 8.

2. Ukiwa ndani peke yako, fumba macho. Ukiwa barazani au kituo cha mwendokasi, usifumbe: pakata mkoba, tazama chini sehemu moja. Fundi, zima mashine kwanza.

3. Pumua kwa pua kama kawaida, bila kulazimisha. Sikia hewa inavyopita puani. Kila ukitoa pumzi, hesabu: 1 hadi 10, kisha anza tena.

4. Mawazo yatakuchukua: kodi ya fremu, mzigo uliokwama bandarini, ada ya mtoto. Ukishtuka umepotea, usijigombeze. Rudi kwenye 1. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, na anayerudi mara ishirini amefanya mazoezi mara ishirini.

5. Kengele ikilia, jitajie kazi ya kwanza: "Nafunga hesabu ya jana." Inuka, ifanye hiyo.

Uliweke wapi

Watu wa Mrazek walipimwa muda huohuo baada ya zoezi. Kwa hiyo usitegemee utulivu wa alfajiri ukulinde saa tisa alasiri. Weka zoezi jirani na kazi inayouma ukikosea: kuhesabu fedha, kupokea mzigo, kukata kitambaa cha mteja. Foleni ikiwa ndefu, pumzi tatu zinatosha kukupa nafasi ya kusoma upya namba na jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.

Na hasira je? Mteja amepekua mzigo wote, kisha anataja nusu ya bei. Toa pumzi mbili taratibu ndipo umjibu. Hapa ushahidi ni mwembamba zaidi. Utafiti mdogo wa 2012 ulionyesha kwamba kutafakari kidogo huwasaidia watu waliochoka kwa kujizuia. Lakini mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la uchovu huo wa kujizuia na hazikuona athari ya maana. Jaribu, kwa kuwa haigharimu kitu, ila usiifanye kinga pekee ya ulimi wako.

Zoezi hili halilipi deni la usingizi, wala halichukui nafasi ya swala au sala. Unaweza kulifanya baada yake. Ukikaa kimya ukaletewa hofu au kumbukumbu nzito, acha, fumbua macho, tembea kidogo. Hali ikiendelea, muone daktari.

Anza kesho na kazi moja tu, ile inayokula faida yako ukikosea. Tanguliza dakika 8 kabla yake wiki nzima, na kila jioni andika makosa ya siku pembeni ya daftari la mauzo. Wiki inayofuata fanya kazi ileile bila zoezi, uandike vilevile. Linganisha kurasa hizo mbili, ndipo uamue.