Bwawa la Udongo Shambani: Linavyoshika Maji, Linavyobomoka na Dalili za Kuangalia

Mvua za masika za mwaka 2018 zilikuwa nyingi kupita kawaida katika sehemu nyingi za Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei mwaka huo, ukuta wa udongo wa bwawa la kibinafsi la kunyunyizia mashamba maji ulipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Maji na matope yaliteremka kwa kasi hadi kwenye makazi yaliyokuwa chini. Zaidi ya watu 40 walifariki, wakiwemo watoto wengi.

Bwawa la shambani ni mali yenye faida kubwa. Mkulima mwenye maji ya akiba hupanda mboga kiangazi, hunywesha mifugo na haangalii mawingu kwa wasiwasi. Lakini ukuta wa udongo ukiachwa bila kutunzwa, hatari yake haimfikii mwenye shamba peke yake. Somo hili linaeleza jinsi ukuta huo unavyofanya kazi, jinsi unavyobomoka, na kile ambacho mmiliki na majirani wanapaswa kuangalia kabla mvua haijaanza.

Uzito wa maji

Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Chukua bwawa dogo lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40 na kina cha wastani cha mita 3. Bwawa hilo hubeba lita milioni 6, yaani tani 6,000. Kama mzigo huo ungebebwa na lori la tani 10, lori hilo lingefanya safari 600.

Maji pia husukuma zaidi kadiri yanavyokwenda chini. Kwa kina cha mita 5, kila mita moja ya mraba ya ukuta husukumwa kwa nguvu ya tani 5 hivi. Ndiyo sababu ukuta huwa mpana chini na mwembamba juu. Na ndiyo sababu bwawa linaloitwa dogo na mwenyewe linaweza kusomba nyumba likimwagika lote kwa mara moja.

Ukuta unavyojengwa

Ukuta mzuri wa udongo una sehemu nne muhimu.

Ya kwanza ni msingi. Udongo wa juu wenye nyasi, mizizi na mboji huondolewa wote. Kisha huchimbwa mtaro katikati, chini ya ukuta, hadi kufikia udongo mgumu usiopitisha maji. Mtaro huo hujazwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye chini.

Ya pili ni mwili wa ukuta. Udongo huwekwa kwa matabaka membamba, ya sentimita 15 hadi 20, yakiwa na unyevu wa kiasi. Kila tabaka hushindiliwa kabla ya lingine kuwekwa. Udongo uliorundikwa na tingatinga bila kushindiliwa huonekana kama ukuta, lakini ndani huwa na nafasi nyingi ambazo maji huzitafuta.

Ya tatu ni mteremko. Upande unaogusa maji huwa na mteremko wa taratibu zaidi: kwa kila mita moja ya kimo, ukuta husogea karibu mita 3. Upande wa nje husogea mita 2 au zaidi.

Ya nne, ambayo wengi huisahau, ni njia ya maji ya ziada. Huu ni mfereji mpana ulio chini kuliko kilele cha ukuta, uliochimbwa pembeni kwenye ardhi ya asili. Bwawa likijaa, maji hutokea hapo na kwenda salama hadi mtoni. Bomba la kutolea maji ya kunyunyizia haliwezi kufanya kazi hii, kwa sababu ni dogo mno kwa mafuriko.

Njia tatu za kubomoka

1. Maji kupita juu ya ukuta. Mvua kubwa ikinyesha na njia ya maji ya ziada ikiwa ndogo au imeziba, bwawa hufurika juu ya ukuta. Maji yanayoteremka upande wa nje huchimba udongo, huanza kama kijifereji, kisha kijifereji huwa pengo. Ukuta wa udongo haukujengwa kupitisha maji juu yake, na pengo likianza linaweza kumaliza ukuta kwa muda mfupi.

2. Maji kupenya ndani. Maji hupata njia kupitia shimo la fuko, kichuguu cha mchwa, mzizi uliooza au kandokando ya bomba ambalo halikushindiliwa vizuri. Yanapopita hubeba chembe za udongo. Tundu huwa pana, maji huongezeka kasi, na hatimaye ukuta huporomoka kutoka ndani. Njia hii ni ya hatari kwa sababu inaweza kutokea hata siku ya jua.

3. Ukuta kuteleza. Ukuta wenye mteremko mkali, au uliolowa maji kupita kiasi, hupasuka na kipande chake hushuka. Upande wa ndani pia unaweza kuteleza bwawa likipunguzwa maji kwa haraka mno, kwa sababu udongo bado umelowa na maji yaliyokuwa yakiuegemea yameondoka.

Tuta lisilokusudiwa kuwa bwawa

Mnamo tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yaliwaua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye serikali ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuzibwa na takataka.

Funzo ni hili: tuta lolote la udongo lenye maji nyuma yake limekuwa bwawa, hata kama hakuna aliyelijenga kwa kusudi hilo. Na kwa kuwa halikujengwa kushika maji, halina njia ya maji ya ziada. Kusafisha kalvati na mitaro kabla ya mvua ni sehemu ya usalama uleule.

Dalili za kuangalia

Mwenye bwawa atembee juu ya ukuta na chini yake angalau mara moja kwa wiki wakati wa mvua, na baada ya kila mvua kubwa. Aangalie haya:

• Nyufa, hasa zile zinazofuata urefu wa ukuta.
• Sehemu ya juu ya ukuta iliyodidimia.
• Unyevu au nyasi za kijani kibichi upande wa nje wakati wa kiangazi.
• Maji yanayotoka chini ya ukuta. Yakiwa machache na safi, weka alama mahali hapo na upime kila siku kama yanaongezeka. Yakiwa na rangi ya matope, udongo wa ukuta unabebwa: hiyo ni dharura.
• Mashimo ya wanyama na vichuguu.
• Miti iliyoota ukutani. Nyasi fupi hulinda ukuta, lakini mizizi ya miti huupasua. Mche ung'olewe ukiwa mdogo. Mti mkubwa usikatwe bila ushauri, kwa kuwa mizizi inayooza huacha matundu.
• Njia ya maji ya ziada iliyojaa vichaka au tope.

Makosa mawili hufanywa mara kwa mara kwenye njia ya maji ya ziada. Moja ni kuiinua kwa magunia ya mchanga ili bwawa lishike maji zaidi. La pili ni kuiwekea wavu ili samaki wasitoroke. Wavu hunasa majani na matawi, na usiku mmoja wa mvua unatosha kuuziba.

Hatari ikitokea

Watu walio chini waarifiwe kwanza, kisha kazi nyingine ifuate. Mmiliki awe na nambari za simu za majirani wote wa upande wa chini, pamoja na za chifu na naibu wa chifu. Ni vyema wakubaliane mapema kuhusu ishara ya usiku, kama vile kengele au filimbi, na mahali pa juu pa kukimbilia. Huduma za dharura hupatikana kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199.

Maji yapunguzwe kwa bomba au pampu, mhandisi akishauri kasi yake. Ukuta usichimbwe kwa jembe ili kutoa maji, kwa sababu pengo hilo halitazuilika. Tundu linalotoa maji ya matope upande wa nje lisizibwe kwa udongo wa mfinyanzi, kwani maji yatatafuta njia nyingine. Palipo salama kukaribia, hufunikwa kwa mchanga kisha kokoto, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Ukuta ukiwa tayari unaporomoka, hakuna kazi ya kufanya hapo ila kuondoka.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, maji ya mto au kijito hayazuiwi kwa bwawa bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Kumiliki shamba hakumpi mtu ruhusa ya kuziba kijito kinachopita humo. Mradi wa bwawa pia huangaliwa na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Michoro hutayarishwa na mtaalamu anayetambuliwa, kwa kuzingatia ukubwa wa bwawa, eneo linaloleta maji na watu wanaoishi chini yake.

Mkazi anayeona bwawa lenye dalili zilizotajwa, au asiyejua kama bwawa lililo juu ya kijiji chake lina kibali, anaweza kuuliza katika ofisi ya WRA, kwa chama cha watumiaji wa maji cha eneo lake, kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi. Swali hilo si uchokozi kwa mwenye shamba. Anayelala chini ya ukuta ana haki ya kujua hali yake, na wakati mzuri wa kuuliza ni kiangazi, bwawa likiwa limepungua na nyufa zikionekana.