Kuazima si Kuiba, Kuficha Ndiko Kuiba

Wengi wetu tuna mtoto chuoni, naye hutuletea habari za alama zake. Je, tumepata kumwuliza kama alama hizo ni zake kweli?

Kule Mbweni, Unguja, katika miaka ya 1870, misioni ya Kianglikana iliwapa makao watumwa waliokombolewa. Askofu wake tangu 1874 alikuwa Edward Steere. Mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili, na katika jina lenyewe la kitabu alitangaza kwamba zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Hakujifanya mtunzi. Kwa kuwataja wenye mali hakupungukiwa na heshima. Bali ndiyo maana twamwamini.

Hilo ndilo somo letu. Kuazima wazo la mtu si kosa, maana elimu yote ni ya kupokezana. Kosa ni kumficha mwenyewe. Basi mwanafunzi anukuupo, na ayatie maneno katika alama za kunukuu, ataje mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa. Akieleza kwa maneno yake, bado hana budi kutaja wazo limetoka wapi. Kubadili neno moja moja si kuandika upya. Na insha iliyotungwa na rafiki, au na akili mnemba ya kompyuta, si kazi yake, hata akiandika jina lake juu.

Mtu atasema, “Namdhuru nani?” Jibu li papo hapo Mbweni, ambako leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hufundisha masomo ya afya. Tuseme mtoto wa kilo 10 ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 150. Aliyenakili hesabu ya namna hii kwa jirani amefaulu mtihani. Lakini usiku wa zamu hakuna jirani wa kumchungulia. Akizidisha sifuri moja, atampa mtoto 1,500. Cheti hakitamponya mtoto huyo.

Wazazi, tusiwalaumu vijana peke yao. Tukishangilia alama tu, twawafundisha kuzitafuta kwa njia yoyote. Likizo ijayo, mwambieni mwanafunzi wenu awaeleze kwa kinywa chake aliyoyaandika. Akiweza, ni yake. Asipoweza, msimfokee; mketisheni, aanze upya.