Mashine Tofauti, Mtandao Mmoja: Mwongozo kwa Shule za Mwanza na Kanda ya Ziwa

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa wakuu wa shule, walimu wa TEHAMA, walimu wa taaluma na wajumbe wa bodi za shule.

Hali ilivyo

Kompyuta za shule zetu hazikununuliwa siku moja wala duka moja. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, navyo vinatumia Android. Kompyuta nyingi za mezani zina Windows, na baadhi zimetolewa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfadhili huleta Mac zilizokwishatumika au mashine zenye Linux, na mwalimu huja na kompyuta mpakato yake. Iwe Nyamagana, Sengerema au Ukerewe, mchanganyiko wa namna hii si jambo la ajabu.

Shule haina haja ya kusubiri fedha za kununua mashine zinazofanana. Inachohitaji ni taratibu chache zinazofuatwa na kila mtumiaji, kwenye mfumo wowote, ili mtihani uliochapwa kwenye Windows ufunguke kwenye kishikwambi bila kuharibika.

1. Anzeni na daftari la vifaa

Andikeni kila kifaa: namba yake, mfumo endeshi na toleo lake, ukubwa wa RAM, mahali kilipo na anayekitunza.

Mkimaliza, angalieni kwanza kompyuta zenye Windows 10. Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyafikii. Msizitupe. Linux Mint na Lubuntu hupatikana bure na huziwezesha mashine nyingi za umri huo kuendelea na kazi. Iwasheni Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote, kisha hakikisheni kwamba printa, projekta na Wi-Fi vinafanya kazi.

2. Programu za pamoja, majina ya pamoja

Chagueni programu zinazopatikana kwenye mifumo yote ya kompyuta: LibreOffice kwa kuandika na kukokotoa, Firefox kwa intaneti, VLC kwa video. Mwanafunzi aliyejifunza kwenye mashine moja hatapotea akikalia nyingine. LibreOffice ilitokana na OpenOffice, programu ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matumizi ya programu huria kama hizi yana mizizi hapa nchini.

Faili ya kusomwa au kuchapishwa ihifadhiwe kama PDF, maana fomula na michoro ya mtihani huhama mahali pake mfumo unapobadilika. Faili itakayoendelea kuhaririwa ibaki katika aina moja mliyokubaliana, kwa mfano docx.

Windows haikubali alama kama / : ? * katika jina la faili. Linux nayo huona "Matokeo" na "matokeo" kuwa faili mbili. Tumieni herufi ndogo, bila nafasi, mwaka ukitangulia: 2026-03-12_hisabati_kidato2.

3. Flashi

Flashi ya FAT32 hukataa faili inayozidi GB 4. Ya NTFS husomwa na Mac, lakini Mac haiandiki juu yake bila programu ya ziada. Kwa kompyuta, exFAT inafaa: Windows, Mac na Linux za miaka ya karibuni zinaikubali. Kwa vishikwambi, jaribuni kwanza.

Teueni mashine moja kuwa kituo cha ukaguzi, na kila flashi ipite hapo kabla ya kuchomekwa kwingine. Mac au Linux isiyodhurika inaweza kubeba kirusi cha Windows na kukipeleka kwa jirani, kwa hiyo ukaguzi hauna msamaha kwa mashine yoyote.

4. Seva moja kwa wote

Kompyuta moja yenye Linux na programu ya Samba hutosha kuwa ghala la mafaili. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, hutumia itifaki ya SMB ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili. Mac nayo huifahamu, na Android huifikia kupitia programu ya mafaili inayoikubali. Zimeni toleo la kwanza la SMB: shambulio la WannaCry la Mei 2017 lilisambaa kupitia udhaifu wake.

Wekeni pia Kolibri au Kiwix, programu za kuhifadhi masomo, kwenye seva hiyo. Masomo husomwa kwa kivinjari, hata intaneti ikikatika. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vinavyoruhusiwa kupakuliwa vipakuliwe mara moja, visomwe na wote. Shule ya kisiwani inayonunua bando itaona nafuu mara moja.

5. Mtandao usipopatikana

Kabla ya kulaumu mfumo, kagueni mambo matatu:

- Rauta. Kifaa kimoja tu kigawe anwani za IP. Rauta ya pili ikichomekwa kwenye swichi kiholela, baadhi ya mashine hukosa mtandao na nyingine huupata.
- Kebo. Isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta.
- Saa. Betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032, ikiisha nguvu, tarehe hurudi nyuma na tovuti salama hukataa kufunguka. Badilisheni betri.

6. Radi

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na juu ya ziwa ngurumo huzidi usiku. Kila jioni chomoeni nyaya za umeme pamoja na kebo za mtandao. Msiunganishe majengo mawili kwa kebo ya shaba, kwa sababu hubeba msukumo wa radi kutoka jengo hadi jengo. Tumieni faiba au vifaa vya Wi-Fi.

7. Taarifa za wanafunzi

Matokeo, mahudhurio na namba za simu za wazazi vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tengeni mtandao wa ofisi na wa wanafunzi. Mwanafunzi asipewe akaunti ya msimamizi kwenye mashine yoyote. Kila kishikwambi kiwe na PIN. Wekeni nakala tatu za kumbukumbu muhimu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo.

Ratiba ya kufuata

- Kila wiki: nakala rudufu na ukaguzi wa flashi.
- Kila mwezi: masasisho ya mifumo yote, vishikwambi vikiwemo.
- Kila muhula: kusafisha vumbi, kuhakiki daftari, na kujaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala.

Daftari na nywila za msimamizi, zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa, zitunzwe na mkuu wa shule. Mwalimu wa TEHAMA akipata uhamisho, atakayempokea ayakute yote hapo, na vipindi viendelee wiki hiyohiyo.