Konokono wa Kidimbwi

Katika Katanga mvua husimama mwezi wa nne au wa tano. Vidimbwi vya kando ya njia vinakauka, matope yanapasuka. Mtu apitaye pale mwezi wa nane asema: «Humu hakuna kitu kizima.» Adanganyika. Chini ya matope mna konokono wadogo, wamejivuta ndani kabisa ya magamba yao. Hawali, hawatembei, wanangoja mvua tu. Wengi hufa, wachache hupona.

Wataalamu wamwita Bulinus globosus. Gamba lake halipiti sana sentimita 2. Shikeni gamba tupu lililokauka, ncha juu, mlango uwaelekee: mlango uko upande wa kushoto! Sasa mtazameni konokono mkubwa wa shambani: mlango wake uko kuume.

Mvua ikijaza kidimbwi, konokono anaamka. Anakula majani yaliyooza, anapanda juu ya maji kuvuta hewa. Kila mmoja ni dume na jike pamoja. Hata akiwa peke yake aweza kutaga mayai yenye kuzaa. Basi mmoja tu aliyepona kiangazi aweza kujaza kidimbwi tena.

Mbona tunajifunza habari zake? Kwa sababu ya kichocho, ndiyo bilharzia. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo hutoka pamoja na mkojo, yakapasuka. Kijidudu kitokacho ndani ya yai haliishi siku mbili kama hakimpati konokono huyu. Kikimpata, kinaingia mwilini mwake na kuzaana. Baada ya majuma kadhaa vinatoka vijidudu vingine maelfu, hasa jua likiwa kali, saa ile watoto wapendayo kuoga. Vinapenya ngozi isiyo na kidonda.

Mganga Theodor Bilharz aliuona mnyoo huo Cairo mwaka 1851. Lakini njia yake ndani ya konokono ilionyeshwa na Robert Leiper, huko Misri vilevile, mwaka 1915 tu.

Mtoto mwenye kichocho huona damu katika mkojo wake. Wengine huficha kwa haya. Ninyi msifiche: mwambieni mama au mwalimu, mpelekwe hospitalini. Dawa iko, vidonge vya prazikanteli. Lakini aliyepona, akirudi kuoga mle mle, ataugua tena.

Maulizo: Konokono huyu hupitaje kiangazi? Kwa nini mtu mmoja akikojoa kidimbwini huwaletea wenzake ugonjwa?