Tangi la Maji Moto Linapovuja: Somo la Nyumbani na la Lugha

Mwaka huu sikutaka kuwachosha na ngeli. Nimewaletea somo nililolipata likizoni, tochi mkono mmoja na karai mkono wa pili.

Kwetu kuna tangi la maji moto la lita 100, la chuma, lenye hita ya stima ndani. Limewekwa juu ya bafu, karibu na dari. Jioni moja mdogo wangu alitoka kuoga akasema, "Mama, ukuta unalia." Tukamcheka. Kumbe kweli! Mama akapanda kiti, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia akaziba pale palipolowa, jinsi tunavyoziba sufuria iliyotoboka. Sabuni ikashika usiku kucha. Asubuhi tukawasha hita, maji yakapata moto, sabuni ikayeyuka, na maji yakaanza kuchuruzika ukutani kuelekea kwenye swichi. Mdogo wangu, miguu mitupu ndani ya maji, akanyoosha mkono aizime. Mama alipiga kelele ambayo hadi leo naisikia.

Basi, jambo la kwanza ni stima, si maji. Stima ya nyumba zetu ni volti 240 na inaua. Usiiguse swichi iliyolowa. Nenda kwenye swichi kubwa ya nyumba, mikono ikiwa mikavu na viatu vimo miguuni, uzime yote. Ikiwa njia ya kuifikia imejaa maji, usiende, mwite fundi. La pili, funga ile koki ya kuzungusha iliyo kwenye bomba linaloingiza maji baridi tangini. Hapo tangi halitaongezewa maji.

Wengi hudhani ukifungua mfereji wa maji moto tangi litakuwa tupu. La hasha! Maji moto ni mepesi kuliko baridi, hupanda juu, na bomba lake hutokea juu ya tangi. Kulimaliza tangi kabisa lazima maji yatolewe kwa chini. Yaache yapoe kwanza, kwani maji ya nyuzi 60 huchubua ngozi kwa sekunde chache tu. Na usije ukaiwasha hita tangi likiwa tupu, itaungua mara moja.

Sasa tuingie katika lugha, maana fundi alipofika alimwuliza Mama, "Yanatona au yanachuruzika?" Nikakumbuka wahenga walivyonena: chururu si ndo! ndo! ndo! Maji yakitoka tone baada ya tone, yanatona. Yakishuka kwa mfululizo mwembamba, yanachuruzika. Yakiruka kwa nguvu, yanafoka. Yakitoka kwa wingi kama chemchemi, yanabubujika. Kusema "yanavuja" ni sahihi, lakini hakumwambii fundi aje na spana au aje na tangi jipya.

Kutona hakumaanishi kila mara kwamba tangi limeharibika. Maji yakipashwa moto hutanuka: lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa takriban lita moja na nusu. Kwa tangi lililofungwa kote, ziada hiyo hutokea kwenye valvu ya usalama, nayo hutona wakati wa kupasha moto. Kuna watu huiziba kwa kigingi wakidhani wameokoa maji! Hao wanatengeneza bomu. Lakini valvu ikitona mchana kutwa hata hita ikiwa imezimwa, kuna kasoro.

Fundi alifuta tangi lote kwa kitambaa mpaka likakauka, akazungushia karatasi za gazeti, akangoja. Pale karatasi inapoanza kulowa ndipo penye kidonda. Ikiwa ni kwenye kiungo cha bomba, kukaza au tepu mpya kunatosha. Ikiwa ni pale hita inapoingilia, ni mpira umechakaa, nao hubadilishwa. Kwetu karatasi ililowa katikati ya ubavu, na alipokwaruza rangi, kutu ikamwagika kama kahawa. Kutu inakula kutoka ndani, akasema. Ukiziba hapa itatokea pale. Alituonyesha pia fimbo ya magnesiamu iliyo ndani, ambayo huliwa kwanza ili tangi lisalimike. Yetu ilikuwa imebaki waya tu. Hatukujua hata kama ipo, sembuse kuibadilisha.

Mama alisita, tangi jipya si bei ya mandazi. Nikachukua kalamu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 ni kama mililita moja, hivyo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, au lita 130 kwa mwezi: mitungi sita na ushei ya lita 20. Tena ni maji tuliyokwisha kuyalipia stima, kama uniti 6. Mama akaitazama hesabu, akasema, "Haya, tutaoga ya sufuria mpaka mwisho wa mwezi."

Zoezi: Tunga sentensi tano ukitumia kutona, kuchuruzika, kufoka, kububujika na kuvuja. Kisha uende nyumbani ukatafute ilipo swichi kubwa.